Bi Mabrouka na Kibonge Kilichotoka Mshipani

Tarehe 30 Juni, Bi Mabrouka Chaabouni anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya ubongo, hapa Sfax, kwa miaka thelathini na sita. Katika muda huo tumebadilisha wakurugenzi watano, hadubini nne, na paa mara mbili. Cheo chake hatukukigusa.

Aliajiriwa kuosha vyombo vya kioo. Mwaka wa tatu fundi wa hadubini alikwenda Ufaransa likizo ya wiki mbili, akanogewa, asirudi. Bi Mabrouka akaambiwa ashike nafasi kwa muda. Muda huo unakwisha mwezi huu.

Kazi ilikuwa kutazama ubongo wa panya: mishipa myembamba kuliko unywele, iliyozibwa na vibonge vya damu. Mwaka 2003 aliona jambo. Siku ya kwanza kibonge kimeziba. Siku ya tatu ukuta wa mshipa umekifunika kama utando. Siku ya sita kibonge kiko nje, na damu inapita. Akamwita mkuu wetu, Profesa Ridha Kammoun.

"Mabrouka, mshipa hauna mlango," alisema Profesa. "Futa kioo."

Alifuta. Akatazama panya wengine arobaini, akifuta kila mara, na kuchora yote katika madaftari ya shule ya mwanawe. Miaka saba baadaye wataalamu wa nchi za mbali wakatangaza jambo lile lile. Profesa alitusomea habari hiyo kikaoni kwa furaha, akashangaa kwa nini hapa hakuna mwenye macho. Bi Mabrouka akaweka madaftari mezani. Profesa aliyafungua, akayafunga, akasema chai imepoa.

Ikaja Jumanne moja ya 2017. Akiwa anafundisha, Profesa aliiita hadubini "sufuria". Wanafunzi wakacheka, maana hakuwa na mazoea ya kuwachekesha. Bi Mabrouka hakucheka. Alikuwa ameona kalamu ikimponyoka mara mbili.

"Keti, Profesa. Gari la wagonjwa linakuja."

"Mimi ndiye daktari wa ubongo hapa!"

"Najua. Haya, hiki ni nini?" Akamwonyesha kijiko.

Profesa alikitazama kwa muda mrefu. "Ufunguo," akasema, na machozi yakamlenga.

Kilikuwa kiharusi. Alifikishwa hospitali mapema, na hilo lilimwokoa. Mishipa kadhaa ilifunguka. Sehemu ya ubongo iliyokufa haikufufuka, ila sehemu za jirani zilianza kujifunza kazi yake, polepole, kwa kurudiarudia. Mwenye subira ya kurudiarudia na Profesa alikuwa mmoja tu. Kila Alhamisi alasiri, kwa miezi mitano, Bi Mabrouka alikwenda kwake na kikapu: kijiko, ufunguo, limau, kitana.

"Limau," alisema Profesa, akiwa ameshika kitana.

"Tena, Profesa. Safari hii kioo ni kisafi."

Siku alipovitaja vyote bila kukosea, mkewe alilia jikoni. Bi Mabrouka alirudi kazini; alikuwa na panya wanaomsubiri.

Leo Profesa anazungumza vizuri. Limebaki neno moja tu linalomkwama: "asante". Madaktari wanasema liliondoka na ugonjwa. Sisi tuliofanya naye kazi tangu zamani hatukumbuki kama alikuwa nalo. Hata hivyo, mkewe anatuambia analifanyia mazoezi kila asubuhi mbele ya kioo, na ameomba kusema mwishoni mwa sherehe ya kumuaga Bi Mabrouka. Tafadhalini, msimharakishe.

Likimshinda, sisi sote tunalisema: asante, Bi Mabrouka. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha.