Bomba la Zamani Halisuguliwi: Maisha ya Baba Yetu, Fundi wa Maji

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutushika mkono, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na nimetumwa na Mama na kaka zangu niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Koki.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu wa mpishi wa shule, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara kuanzia 1959 hadi 1966, kisha mjomba wake, fundi bomba, akamchukua na kumfundisha kukata mabomba, kuyaunganisha, na kuusikiliza ukuta kwa sikio kabla ya kuuvunja.

Mwaka 1972 aliajiriwa na idara ya maji, akaitumikia hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Kanuni yake kila fundi aliyepita mikononi mwake anaijua: bomba la zamani halisuguliwi, kwa sababu chuma kimeshaliwa, na kinachoshikilia maji ni kutu yenyewe. Aliijua tangu 1983, walipomimina dawa ya kusafisha kwenye mabomba ya bweni moja, na kesho yake kuta za ghorofa zote zikawa zinalia maji.

Tarehe 6 Desemba 1978 alifunga ndoa na Mama, mshonaji, ambaye Baba alikwenda kwao kutengeneza bomba la jikoni, akarudi mara tatu kutengeneza bomba lisilovuja, ingawa Mama husema lilianza kuvuja baada ya yeye kuligusa. Wamejaliwa watoto wanne na wajukuu sita.

Tarehe 9 Agosti 2022, akinywa chai, kikombe kilimponyoka, akashindwa kulitamka jina la Mama, kisha akarudia hali yake ya kawaida na kututania kwamba ni waya tu ulilegea. Hospitalini walikuta mafuta yameganda ndani ya mshipa wa shingoni, na daktari, alipoijua kazi yake, akamweleza kwa nia njema kwamba mishipa yake ni kama mabomba yaliyoota kutu, akampa vidonge vya kushusha kolesteroli, ameze kimoja kila siku, maisha yake yote. Alivimeza kwa utii, na kipimo cha Februari iliyofuata kikaonyesha mafuta kwenye damu yameshuka sana, sisi tukashangilia, yeye akaogopa. Kama mafuta yanashuka, alisema, basi kutu inabanduka, na bomba la miaka sabini na kitu likibanduliwa kutu litapasuka. Akaviacha. Mama alimsihi, kaka akamwambia Mzee, wewe si bomba, naye akamjibu kwamba aliyeanza kumwita bomba ni daktari. Nilimchapia maelezo ya dawa hiyo kwa herufi kubwa, akayasoma yote, akayakunja vizuri, akaniuliza kama walioyaandika wamewahi kufungua bomba la umri ule. Tulimwachia, maana tangu tuzaliwe hatukuwahi kumwona akikosea juu ya bomba.

Tarehe 21 Mei 2024 alianguka bafuni kwa kiharusi, na tarehe 25 akafariki, akiwa na miaka sabini na mitatu, bila kusema neno tena. Daktari wa wodi alituambia, tukiwa tumesimama koridoni, kwamba yale mafuta ya shingoni yalipasuka, damu ikagandia hapo, na donge likaenda kuziba mshipa wa ubongo, na kwamba vidonge vile havisugui mshipa, bali kazi yake kubwa ni kuyatuliza mafuta hayo na kuyafanya magumu, yabaki yalipo, yasibanduke. Dawa ilikuwa inafuata kanuni ya Baba mwenyewe. Tumelijua hilo akiwa hasikii tena. Mama anauliza kwa nini Baba hakuambiwa hivyo siku ya kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliojaza nyumba yetu, na mafundi wenzake, ambao jana waliona bomba la uani linavuja, wakalitengeneza bila kuambiwa na bila kulisugua.

Baba, weka spana chini. Pumzika kwa amani.