Bibi Hildegardi na Pezi la Shahidi

Wasikilizaji wapendwa, kama mboga iko jikoni, punguzeni kuni kwanza, kisha msogee. Leo tunakaa na Bibi Hildegardi Kapinga wa Mpepai, aliyezikwa Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sabini na minne. Mkulima wa kahawa. Aliishia darasa la nne. Na alikuwa jaji wa samaki. Ndiyo, jaji wa samaki, Bibi Hildegardi Kapinga wa Mpepai.

Sizungumzii samaki wa kula. Nazungumzia samaki wa mapambo anayeitwa malaika. Ni bapa kama sahani, ana mistari myeusi iliyosimama, na mapezi marefu juu na chini. Hatoki ziwa letu, huletwa kutoka Dar es Salaam ndani ya mifuko ya maji. Bibi Hildegardi aliletewa wawili na binti yake mkubwa, Winifrida. Mmoja akafa. Mwingine akapona, kwa sababu Bibi aliliweka tangi kwenye ukuta ulio nyuma ya jiko la kuni. Mpepai kuna baridi, na malaika hapendi baridi. Mgeni akiingia alipewa kiti. Lakini mahali penye joto palikuwa pa samaki.

Mwaka 2016 wafugaji wa Mbinga na wa ziwani walifanya maonyesho yao ya kwanza, kule Mbamba Bay. Bibi aliteremka na samaki wake kwenye ndoo yenye kifuniko, ameizungushia kitenge, ameibana kwa magoti njia nzima. Jumamosi watu walimwona yule samaki wakalizunguka tangi. Mzee Damiano, jaji wa siku hizo, alisema hadharani kwamba hajaona pezi la mgongoni lililosimama vile.

Jumapili asubuhi watu wote wakaenda kanisani. Aliyebaki kulinda matangi ni mmoja tu, Fundi Wilfred, mshona nguo wa palepale Mbamba Bay. Naye alikuwa na samaki wake kwenye mashindano.

Waliporudi, pezi la mgongoni la samaki wa Bibi lilikuwa limekatwa. Halikuchanika, wasikilizaji. Lilikatwa.

Fundi Wilfred ndiye aliyekuwa wa kwanza kupaza sauti. "Njooni mwone! Mama Winifrida kampunguza samaki wake kwa mkasi ili akae sawa! Ndiyo uzuri wenyewe huo?"

Bibi alisema, "Mimi nilikuwa misani."

"Uliamka mapema," Wilfred akasema, na watu wakacheka.

Mzee Damiano akamwondoa kwenye mashindano. Kombe likaenda kwa Fundi Wilfred. Na jina likapanda mlima kabla ya Bibi kufika nyumbani. Bibi Mkasi. Sokoni, Bibi Mkasi. Kwenye mashine ya kukoboa kahawa, Bibi Mkasi. Watoto walimsalimia "Shikamoo Bibi Mkasi" kwa adabu zote, maana hawakujua kama ana jina jingine. Mwanamke aliyezeeka bila kuchukua hata punje ya mtu aliitwa mdanganyifu kwa miaka mitano.

Winifrida ananiambia mama yake hakulia. "Alikaa mbele ya tangi siku nzima. Halafu akasema, huyu kuanzia leo anaitwa Shahidi."

Hapo ndipo subira yake ilipoanza, nami naomba mnisikilize vizuri hapa. Pezi la samaki huota tena. La Shahidi liliota. Bibi alilitazama kila Jumamosi, tochi ikiwa nyuma ya kioo. Akaona kitu. Pale lilipokatwa palibaki kovu, mstari mwembamba kama uzi, umenyooka pezi zima. Pezi lililochanwa na samaki mwenzake huacha kovu la kwenda ovyo. La mkasi hunyooka. Na katikati ya mstari ule palikuwa na jino dogo, kama kidato kimoja cha ngazi. Mkasi uliokata ulikuwa na pengo.

Bibi hakumwambia mtu isipokuwa Winifrida. Alitafuta kitabu cha kanuni za kupima malaika. Akakisoma kwa kidole, neno baada ya neno, Winifrida akimsaidia yale magumu. Kilimchukua mavuno mawili. Na mwaka 2019, Mzee Damiano macho yakiwa yamechoka, alipouliza nani anakijua kitabu kile, hakusimama mwingine. Wengine walinong'ona, "Bibi Mkasi awe jaji?" Damiano akawajibu, "Basi simama wewe." Wakakaa.

Aliyemwona akipima hawezi kumsahau. Alisimama mbali na kioo kwa urefu wa mkono. Hakugonga kioo. Alisubiri mpaka samaki asahau kwamba anatazamwa. Kwanza umbo: mgongo na tumbo vipinde sawasawa. Kisha mistari, na ule wa kwanza lazima upite kwenye jicho. Kisha zile nyuzi mbili zinazoning'inia tumboni, zilingane. Mapezi aliyaacha mwisho. Daima mapezi mwisho.

Mwaka huo Fundi Wilfred alileta samaki mzuri. Bibi akampa ushindi. Mwaka uliofuata akampa tena.

"Mama, unampa huyu tena?" Winifrida aliuliza.

"Samaki wake mzuri, nimnyime kwa lipi? Mwache apande. Nataka siku hiyo aonekane na watu wote."

Padri alimwona ana kinyongo na Fundi, akamsihi asamehe. Bibi akamjibu, "Padri, mimi nimeshamsamehe mara tatu. Tatizo ni samaki. Yeye si Mkatoliki."

Siku hiyo ilifika mwaka 2021, Mbamba Bay ileile. Fundi Wilfred alileta malaika wa rangi ya fedha, mkia umenyooka kama umepigwa pasi. Bibi alipima umbo. Alipima mistari. Alipima nyuzi. Alipofika kwenye mkia, akaomba tochi.

"Fundi, huyu mkia wake umeota lini?"

"Amezaliwa nao, Bibi."

"Njoo uushike mwanga wewe mwenyewe."

Wilfred akaushika. Kovu likaonekana, limenyooka kama uzi. Na katikati, jino.

Bibi akafunua ndoo aliyokuja nayo. Akamhamisha Shahidi kwenye tangi la kioo lililokuwa tupu pembeni. Miaka mitano, wasikilizaji. Akahamishia tochi huko. Kovu lilelile. Jino lilelile.

Ndipo Marselina, muuza dagaa, akapaza sauti kutoka nyuma. "Jino hilo mimi nalijua! Liko kwenye pindo la gauni langu! Fundi, si nilikwambia ununue mkasi mwingine?"

Mwingine akainua shati lake. Mwingine akaangalia sketi. Nusu ya Mbamba Bay ilikuwa imevaa ushahidi.

Wilfred alisema kwa sauti ndogo, "Mama Winifrida, tuyamalize nyumbani."

"Uliyaanzia hapa," Bibi akasema. Akasoma alama zake polepole, kama mtoto wa darasa la nne. Umbo, ishirini kati ya ishirini. Mistari, ishirini. Mapezi, sifuri. Akarudia. Sifuri. Kisha akamwomba Wilfred aseme mbele ya watu nani alibaki na matangi Jumapili ile ya 2016. Akasema. Na nani alikata. Hilo lilichukua muda, Bibi akasubiri. Akasema.

Tangu siku ile, Mbinga mpaka ziwani, Fundi Mkasi ni yeye. Watoto humwamkia hivyo, kwa adabu zote.

Mwaka jana nilimuuliza Bibi kama moyo umetulia. Alicheka. "Umetulia sana. Napenda kuwasikia wakimwamkia."

Ndivyo alivyokuwa, nami sitampaka sukari marehemu. Alitaka jina lake lirudi, na alitaka aliyelichukua aone lilivyo zito. Alipata vyote viwili.

Kabla ya kufariki alimwachia Winifrida agizo. "Wilfred atakuja kwenye msiba, maana asipokuja watu watamsema. Mpe kiti cha mbele ya tangi. Apate joto, asilalamike."

Alikuja. Akapewa kiti. Shahidi sasa ana miaka kumi, uzee mkubwa kwa malaika, lakini alisogea mpaka kwenye kioo akasimama, pezi juu. Fundi Wilfred alikaa hapo rozari nzima. Hakuna aliyempisha ahamie kwingine.

Kwa Winifrida na ukoo wa Kapinga, kwa wana Mpepai na wafugaji wote, poleni sana. Bwana ampokee Bibi Hildegardi Kapinga, na ampatie pumziko asilowahi kuliomba akiwa na kazi.

Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjarudisha kuni jikoni, kila mmoja ajiulize: kuna jina la mtu nililichafua, nikadhani limesahauliwa? Mwenyewe yuko wapi leo? Ana subira kiasi gani?

Shahidi yuko Mpepai, nyuma ya jiko. Anakula vizuri.