Kijiti na Wiki ya Kumi na Mbili

Wazazi wetu, kaka na dada, majirani, walimu na wanafunzi wa chuo, na nyote mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha, familia imenipa mimi, mke wa mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya wifi yangu, na hawakunichagua kwa elimu, maana niliishia darasa la saba, ila kwa sababu ndimi niliyekuwa naye mpaka pumzi ya mwisho, na pia kwa sababu shemeji yangu mkubwa amesema akisoma yeye atagombana na jeneza.

Mnamwona fundi wa kamera wa chuo amesimama pale kando, naomba msimkasirikie, ameitwa na marehemu mwenyewe, ambaye aliacha neno kwamba mazishi haya yarekodiwe yawe somo la mwisho la kozi yake, na kwamba kabla hajafunikwa, mama yake mzazi aletwe mbele ya kamera, aonyeshwe uso wa bintiye, aulizwe huyu ni nani. Mama yetu, kama mjuavyo, amepoteza kumbukumbu, na tangu juzi familia imegawanyika, wengine wakitaka marehemu atimiziwe, wengine wakisema mama asiguswe, basi nikifika mwisho nitawaambia tulichofanya, ila kwanza mjue alikotoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1973, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, baba yao akiwa dereva wa lori la masafa marefu na mama yao mfuaji wa mashuka hospitalini, na alizaliwa mwembamba hivi kwamba mkunga alimshauri mama asihangaike kumpa jina kwanza, mama akajibu kwamba kijiti chake hiki kitaishi, na tangu siku hiyo akamwita Kijiti, jina ambalo hapakuwa na mtu mwingine aliyethubutu kumwita. Alipokuwa na miaka minne, baba akiwa safarini na kaka yake shuleni, mama alimfungia ndani kila zamu ya asubuhi, akimwachia kikombe cha maji na kipande cha mkate juu ya kiti, kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia na mashuka hayangoji.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1980 hadi 1986, mwaka ambao baba yao alifariki kwa ajali ya lori, akaendelea na sekondari ya bweni kuanzia 1987 hadi 1992, ada yote ikitoka kwenye mashuka, kisha akaingia chuo kikuu mwaka 1993, akahitimu saikolojia mwaka 1997 na shahada ya pili mwaka 2003. Mama alihudhuria mahafali yote mawili, na katika picha zote ameficha mikono mgongoni, kwa sababu dawa ya kufulia ilikuwa imezila kucha.

Tarehe 12 Desemba 1999 alifunga ndoa na mwalimu mwenzake, wakapata mimba tatu ambazo hazikufika, na mwaka 2008 mwenzake akaondoka, naye leo yupo hapa nasi pamoja na mkewe na watoto wake wanne, tunawashukuru kwa kufika mapema na kwa kusaidia kupanga viti. Marehemu hakubahatika kupata mtoto, jambo ambalo wenzake kazini walilitania kwa miaka mingi, wakisema anafundisha malezi kama kinyozi mwenye upara, naye alicheka nao, kisha akawapa kazi nyingi za kusahihisha.

Alianza kufundisha chuoni mwaka 1998, na Januari 2023 mkuu wa idara yake alimkabidhi kazi ya kuandaa kozi ya makuzi ya binadamu kwa njia ya mtandao, wiki kumi na mbili, kuanzia mimba hadi kifo, kila wiki na video zake fupi fupi, kwa ajili ya wanafunzi ambao hangewaona kamwe. Alitafuta video zilizokwisha kurekodiwa na wengine, akaona watoto wanalala peke yao kwenye vyumba vyao, wazee wanapelekwa matembezi na wahudumu, akafunga kompyuta akasema wanafunzi wake watajifunza makuzi ya nani, hao hawafanani na mtu yeyote anayemjua, na hapo ndipo akatugeukia sisi. Akabandika karatasi kumi na mbili kwenye ukuta wa sebule, akatugawa kila mtu na wiki yake, na tukazoea hata kuitana hivyo mezani, binti yangu akawa Wiki ya Pili, mtoto wa shemeji mkubwa aliyekuwa kidato cha tatu akawa Wiki ya Sita, na mama akawa Wiki ya Kumi na Moja, na watu walipotania kwamba ya kumi na mbili bado haijapata mwenyewe, macho yote yalikuwa yanamwendea mama.

Alipanga kazi yake kwa kuanzia kwa wale asio na uhakika wa kesho yao, kwa hiyo alimrekodi mama kwanza, kisha watoto kabla hawajakua, na wiki ya tisa, ile ya mtu mzima wa miaka arobaini hadi sitini, ambayo ilikuwa yake mwenyewe, akaiweka ya mwisho kabisa, akasema yeye yupo, haendi popote.

Katika wiki ya kwanza alieleza mimba zake tatu bila kupepesa macho, katika wiki ya nane akamwita aliyekuwa mumewe, akamuuliza mbele ya kamera kwa nini aliondoka, naye alipojibu kwamba alitaka watoto, akamwambia asante, sauti imetoka vizuri. Katika wiki ya nne akasimulia habari za mlango uliofungwa na mkate juu ya kiti, akaziweka kwenye somo la watoto waliotelekezwa, mama akiwa chumba cha pili anasikia yote bila kujua anasemwa yeye, na shemeji yangu mkubwa akamwambia, "Mama amefua damu za watu ili usome, leo umemweka kwenye kutelekeza," naye akajibu, "Nimesema kilichotokea, kaka, sijasema kwa nini," na tangu siku hiyo hawakula tena meza moja.

Kwa upande wangu, binti yangu alipotimiza mwaka, wifi aliniambia, kwa ajili ya somo la mtoto anapotengana na mama, nimweke mtoto kwenye mkeka, nitoke, nisirudi mpaka aniite, nikasimama nyuma ya mlango nikimsikia mwanangu akilia hadi sauti ikakauka, na maziwa yakanitoka yakalowesha gauni, naye wifi hakuita, alikuwa anaangalia saa. Lakini niwaambie pia niliyoyaona, maana niliporudishwa ndani na kamera ikafungwa, mtoto hakunitaka mimi, alimng'ang'ania yeye, na wifi alimbeba jioni nzima, akapikia mkono mmoja, na alipodhani simwoni akamwomba mtoto msamaha sikioni.

Siku ya kumrekodi mama, alimkalisha kwenye kiti chake karibu na dirisha, akamuuliza, "Mama, mimi ni nani?" mama akasema, "Si wewe yule mwalimu? Umekuja tena," akamuuliza binti yake yuko wapi, mama akasema, "Yuko kazini, atarudi jioni, na yule hana maswali mengi kama wewe." Pikipiki ikapita nje ikaharibu sauti, wakarudia, taa ikazimika, wakarudia, na safari hiyo ya tatu mama alimtazama kwa muda, akanyoosha mkono akamshika shavu, akasema, "Kijiti, mbona umekonda?" Hata fundi wa kamera aliteremsha mikono, ila wifi akasema hapana, somo ni la asiyekumbuka, turudie, wakarudia, na mama akasema ni mwalimu, na hakuwahi kumwita jina lile tena mpaka leo. Video hiyo ya mwalimu ndiyo iliyopendwa kuliko zote kwenye kozi, wanafunzi wengi wameiandikia maneno ya kucheka.

Maumivu ya mgongo yalimwanza Mei 2024, akadhani ni kiti anachokalia akikata video, na tarehe 11 Juni alipopimwa akakutwa na saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na daktari kijana aliyempa habari alikuwa ameketi darasani kwake miaka ya nyuma, akamwambia kwa utaratibu kama alivyofundishwa, naye akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia ameanza vizuri, ila wakati mwingine amwangalie mgonjwa kabla ya kusema, si baada.

Alilazwa tarehe 2 Septemba, na mkuu wa idara yake alikuja kumwona akiwa na juisi mbili, akamwomba neno la siri la kufungulia kozi ili kazi isikwame, wifi akasema bado hajamaliza, akafumba macho, mkuu akasubiri kwa adabu hadi alipoyafumbua, akamwomba tena, na wifi akalitoa herufi moja moja. Kozi ilifunguliwa wiki iliyofuata kwa jina la mkuu wa idara, la marehemu liko chini yake, kwa herufi ndogo kidogo lakini lipo, na wiki ya tisa, ile aliyojiwekea yeye, ina kichwa cha somo tu, ukiifungua hakuna kitu.

Fundi wa kamera alikuja siku ya mapumziko yake, kwa nauli yake, akiwa na kile kipande cha mama cha mara ya tatu, ambacho aliambiwa akitupe na hakukitupa, akamwekea kwenye simu, na wifi alikitazama, akakitazama tena, sauti akiwa ameipunguza ili wagonjwa wengine wasisumbuke, kisha akaniambia mimi, "Alinijua, nami nikamwambia arudie." Kesho yake ndipo akatoa agizo la leo, akasema ni kwa ajili ya wanafunzi, wajifunze, nami sikubishana naye. Alifariki tarehe 17 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja, nikiwa nimemshika mguu kwa sababu mikononi kulikuwa na mirija.

Sasa nawaambia tulichofanya. Leo asubuhi, kabla hamjafika, mimi na shemeji mkubwa tulimshika mama, huku na huku, tukamleta hadi sebuleni, fundi akiwa ametoka nje kwa hiari yake na kamera imefungwa, tukamsimamisha mbele ya jeneza, nami nikamuuliza kama nilivyoagizwa, huyu ni nani. Mama alimtazama muda mrefu, akamnyoosha ukosi wa gauni, akasema, "Ni yule mwalimu, amelala, msimwamshe ataanza maswali," kisha akaniuliza ni saa ngapi, kwa sababu binti yake anarudi jioni na chai haijachemka. Shemeji alitaka tumuulize tena, nami nikasema hapana, haturudii.

Mama yuko chumbani na jirani yetu, mlango tumeurudishia tu, hatukutia ufunguo. Mtakaoingia kumsalimia nawaomba msimpe pole, kwa sababu siku ya kwanza tulimwambia, akalia, akasahau, tukamwambia tena, akalia kama anasikia mara ya kwanza, na hatutaki kumuua binti yake kila siku, kwa hiyo akiwauliza, mwambieni yuko kazini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa zamu ya mchana aliyekuwa akimchana nywele hata zilipobaki chache, majirani waliotuchotea maji na kumbeba mtoto wangu, walimu na mkuu wa idara kwa turubai na kwa juisi, na fundi wa kamera kwa kitu ambacho hakukitupa. Wifi, uliyemsubiri akuite hakukuita, nami nimemwomba shemeji ruhusa, amenikubalia, basi nakuita mimi, mara hii moja. Pumzika kwa amani, Kijiti.