Sista Redio, Aliyewajengea Watoto Wagonjwa Karibu na Kwao

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkunga. Alizaliwa nyuma ya karakana ya baba yake, na bibi yake alizoea kusema kwamba kilio chake cha kwanza kiliushinda msumeno.

Baada ya sekondari ya bweni alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1983 na kupangiwa wodi ya watoto katika hospitali kuu ya rufaa. Masomo yalimkubali, ila kuimba kulimkataa katakata. Hata hivyo aliimba kutwa nzima, na watoto wakambatiza jina la Sista Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Siku moja binti mdogo mwenye dripu mkononi alimvuta aproni. "Sista, nimeshapona. Basi usiimbe tena." Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Binti yule hakupona. Saratani ya damu ilimmaliza wakati mama yake amerudi nyumbani, safari ya kutwa kwa basi, kuwaangalia wadogo zake. Alikata roho akiita, "Mama!" Sista Redio ndiye aliyemwitikia, "Nipo, mwanangu." Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Mwaka 1986 aliolewa na mwalimu, wakajaaliwa binti na mwana. Baadaye aliomba uhamisho arudi kwao. Katika kiwanja alichoachiwa na baba yake alitaka kujenga hospisi ya watoto, nyumba ya kuwatunza wasioweza kupona, yenye dawa za maumivu, wauguzi waliosomea kazi hiyo, na mahali pa mzazi kulala. Kaka yake mkubwa, aliyetaka maduka pale, alimjia juu akiwa na majirani.

"Unataka kutuletea msiba mlangoni kila wiki?"

"Kaka, watoto hawa watakufa tupende tusipende. Mimi nauliza tu, wafie wapi?"

Tangu siku hiyo kaka hakumsalimia tena kwa miaka mingi. Vigingi vya msingi viling'olewa usiku, vikapigiliwa upya, vikang'olewa tena. Hakukata tamaa, ingawa mumewe alimwona akikonda.

Upande wa kwanza ulifunguliwa mwaka 2011. Mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana mwenye uvimbe kichwani. Kila mchana wadogo zake walipitia hapo wakitoka shule, wakamwaga madaftari kitandani na kugombana kama kawaida yao. Msichana huyo alipofariki, Sista Redio aliacha kabisa kuimba, nyumbani na kazini.

"Nilidhani wakiwa karibu uchungu utapungua," alimwambia mumewe. "Haupungui hata kidogo." Asubuhi iliyofuata alivaa sare, akaenda.

Mwaka 2021 aliona uvimbe kwenye titi. Alikaa nao kimya huku upande wa pili ukijengwa, na alipokwenda kupimwa ulikuwa umesambaa. Binti yake, ambaye pia ni muuguzi, alimkasirikia. "Mama, si unazijua dalili?"

"Nazijua, mwanangu. Ndiyo maana niliogopa."

Familia haijaacha kujiuliza ingekuwaje.

Wiki zake za mwisho, kaka yake alikuja. Alikaa kando ya kitanda akishika kofia mkononi. Mgonjwa alimgeukia.

"Kaka, paa la upande wa pili linavuja. Umekuja na ngazi?"

Kaka alitoka bila kuaga. Kesho yake mafundi walimkuta juu ya bati, anapiga misumari.

Sista Redio alifariki nyumbani kwake tarehe 14 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka na dada. Wapo pia watoto walioamka hospisi asubuhi ya leo, wanaomuulizia kila mlango ukifunguliwa, na mpaka tunaondoka nyumbani hakuna aliyekuwa amejua awaambieje.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko lenye amani.