Benigna Aliyeishusha Ghorofa ya Mkwewe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Kashaija, shemeji wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na imenionya nisijisifu. Kwa habari zangu nitajizuia. Kwa habari zake, mtanisamehe.

Benigna Kokushubila Kaijage alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Nyanga, Bukoba, mtoto wa kwanza wa marehemu Ta Kaijage na marehemu Ma Georgina, wakulima wa ndizi na kahawa. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1993, akasoma sekondari mjini Bukoba, na mwaka 2003 akahitimu shahada ya takwimu Dar es Salaam. Mama yake alipenda kusimulia kwamba Benigna akiwa mdogo, akitumwa jikoni kuangalia kama maharage yameiva, alirudi na jibu kamili: ya juu bado, ya chini yanaungua. Wenzake walisema tu "bado," na maharage yakaungua yote.

Mwaka 2005 aliajiriwa katika ofisi ya takwimu Bukoba. Kazi yake ilikuwa kujua, kila robo ya mwaka, mkoa umejenga nini: nyumba na maduka, pamoja na barabara, madaraja, mifereji na magati. Alikwenda mwenyewe mpaka kisiwa cha Bumbire kwa boti, akashuka na viatu mkononi, kuona kama zahanati iliyosemekana inajengwa kweli inajengwa. Alifahamu mwenendo wetu kuliko sisi: robo ya pili mvua inasimamisha kazi, ya tatu fedha ya kahawa inapandisha kuta, ya nne kila mtu anapaka rangi kabla watoto hawajaja Krismasi. Mwaka mmoja, Novemba, aliandika sababu ya kazi kusimama kwa siku kadhaa: senene, maana mafundi wote walikuwa nje wakikamata panzi hao wa kula. Makao makuu walimpigia simu kuuliza senene ni kampuni gani.

Tarehe 28 Juni 2008 alifunga ndoa na kaka yangu Isaac Rwegasira katika kanisa la Kilutheri, Muleba. Wakatoliki wa Nyanga na Walutheri wa Muleba walishindana kuimba, na hadi leo kila upande unadai ulishinda. Mungu aliwajalia binti mmoja, Nancy.

Sasa niseme la mwaka 2013. Takwimu za robo iliyotangulia zilikuwa zimepanda mno, mkoa wetu wa Kagera ukaonekana unajenga kama mji mkuu. Makao makuu wakasema wazi: robo ijayo mkileta tena namba tusizoweza kuziamini, mkoa wenu utaondolewa kwenye ripoti ya nchi. Benigna akaanza kurudia nyumba moja moja. Katika zile zilizohesabiwa alikuta nyumba ya ghorofa, Muleba, imeezekwa, imewekwa vigae. Ilikuwa ya baba mkwe wake, yaani baba yangu, Ta Rwegasira, na ndiyo hii tuliyokaa mbele yake. Wakati ule ulikuwa msingi tu na nondo zimesimama, migomba imeota katikati ya sebule. Mdadisi aliyetumwa kuhesabu alikuwa amekaribishwa chakula, akasimuliwa nyumba, akaiamini bila kuinuka kitini.

Benigna alikuja, akapiga magoti, akasalimia kama mkwe anavyopaswa. Kisha akasema, "Baba, hii nitaiandika msingi."

Mzee akamtazama. "Mwanangu, hujanywa hata maji, umeshabomoa nyumba yangu."

Alinuna robo nzima. Chakula alichopika Benigna hakukigusa, na sisi wanawe tulimwona shemeji amekosa adabu. Iliniuma kwa niaba ya baba, nakiri. Lakini Benigna alikuwa ameona jambo tulilozaliwa nalo: Mhaya ukimwuliza anajenga nini, atakueleza nyumba iliyo kichwani. Mwulize imebaki nini, atalalamika kweli tupu mpaka jioni. Akabadilisha swali. Namba zikashuka, mjini wakanung'unika kwamba mtoto wa Nyanga ameuaibisha mkoa. Wakaguzi wakaja, wakachagua nyumba walizotaka wenyewe, Bukoba na Muleba, na kila moja ilikuwa kama alivyoandika. Tukabaki kwenye ripoti. Tangu hapo Kagera ikipanda, nchi inajua imepanda, na swali lake likachukuliwa na mikoa mingine. Mkwe wetu huyo!

Na mzee? Alianza kujenga kwa hasira. Kila robo Benigna alikuja, akapiga magoti, akauliza imebaki nini, na mzee hakutaka akose la kumwonyesha. Lenta, jamvi la zege, bati, plasta. Sisi wanawe tulimbembeleza baba kwa miaka mingi amalize nyumba; mkwe aliipandisha kwa kuuliza tu.

Mei 2023 Benigna aligundulika ana saratani. Alitibiwa, akaendelea na kazi kadiri alivyoweza. Juni mwaka huu aliletwa hapa, akakaa sebuleni. Mzee akamwambia nyumba imekwisha, aandike. Alitaka kumpa zawadi. Benigna akaomba kuona ngazi, akakuta haina reli.

"Baba, nikiandika imekwisha leo," akasema, "namba zangu zote za nyuma zitakuwa uongo."

Mzee hakununa. Alimshika mkono. Benigna alifariki Jumanne tarehe 8 Julai 2025, hospitalini Bukoba, Isaac na Nancy wakiwa kando yake.

Ameacha mume, binti, wadogo zake wa Nyanga, baba mkwe, sisi mashemeji, na ofisi nzima iliyomlilia. Anayeshika nafasi yake ni Bi Shamsa, aliyefika hapa jana na waombolezaji. Mzee alimwita mbele ya watu wote, akamwambia, "Niulize."

Shamsa hakujua afanye nini. Kisha akapiga magoti, akauliza imebaki nini. Baba yangu, ambaye sijawahi kumsikia akipunguza chochote chake, alijibu kwa sauti ya watu kusikia: "Reli imefungwa jana. Nyuma bado rangi. Andika hivyo hivyo."

Shamsa aliandika.

Bwana ampokee Benigna, ampe pumziko lake. Akimwuliza habari zetu, atajibiwa kweli.