Beji Mbili za Utepe za Wenceslao Ocampos

Ndugu, majirani na wateja wetu, mimi ni Zunilda, binti wa marehemu. Najua tangu jana hamna mazungumzo mengine ila swali moja: Wences atazikwa na beji ipi juu? Mtajibiwa. Kwanza mnisikilize.

Marehemu Wenceslao Ocampos alizaliwa tarehe 28 Septemba 1940 mjini Encarnación, Paraguay, mtoto wa kwanza wa Bi. Ceferina Ocampos. Mwaka 1947, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto huko, mama yake alimvusha mto Paraná pamoja na mdogo wake Obdulia, wakahamia hapa Posadas, upande wa Argentina. Bi. Ceferina aliuza chipa, vile vimikate vya muhogo na jibini, bandarini, na alikuwa na mdomo, Mungu wangu!

Marehemu alianza shule mwaka 1948. Siku ya sikukuu ya taifa, tarehe 25 Mei, mwalimu alipita akiwabandika watoto kifuani beji za utepe wa samawati na mweupe. Alipomfikia Wenceslao alimruka, akasema, “Wewe si wa hapa.” Mtoto alirudi nyumbani analia. Mama yake hakubembeleza mtu. Alitafuta tepe, akamketisha, wakashona beji mbili: moja ya hapa, nyingine ya kwao, nyekundu, nyeupe na buluu.

“Vaa zote,” akamwambia. “Kifua si unacho?”

Kesho yake alizivaa. Watoto walimcheka hadi basi, naye hakuzivua. Tangu hapo, kila mwezi wa Mei, alivaa mbili, moja juu ya nyingine. Sikukuu ya Paraguay ikifika, tarehe 14 na 15, nyekundu ilikaa juu. Tarehe 18, siku ya beji Argentina nzima, samawati ilipanda.

Baada ya shule ya msingi alijifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa mtaani, na mwaka 1963 akafungua duka lake la tepe na vifungo karibu na soko. Kila Mei sisi tulikula na kulala katikati ya tepe. Alikunja marinda kuzunguka kifungo, akayapiga pasi, akashonea pini nyuma. Na hakuna aliyepita mlangoni kifua kitupu. Awe Mbrazili, awe askari wa forodha, alimwita: “Njoo nikuvalishe! Umeshakunywa maji ya hapa, unaogopa nini?”

Mwaka 1985 alipeleka boksi zima la beji za Paraguay, badala ya za Argentina, kwenye shule moja ya hapa mjini. Mwalimu mkuu alikuja dukani anahema.

“Don Wences! Umeniletea nchi nyingine shuleni!”

“Aa, mama mwalimu, makosa ya kazi hayo. Lakini nusu ya watoto wako bibi zao wako ng'ambo. Waache wavae mpaka saa sita.”

Walivaa mpaka jioni. Marehemu aliapa maisha yake yote kwamba alikosea. Mama yangu hakumwamini hata siku moja.

Tarehe 12 Februari 1966 alimwoa Irma Dudek wa Apóstoles, mjukuu wa Wapolandi, watu wa mashamba ya yerba, majani ya chai ya huku kwetu. Baba mkwe alimkazia macho: “Kijana, wewe hasa ni wa wapi?” Akajibu, “Wa kwa Irma, mkiniruhusu.” Mzee alicheka, akaenda kutafuta chupa.

Mwaka 2012 mikono yake ilianza kutetemeka na marinda yakamshinda. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wowote, nasi lilituuma kumwona. Basi alikaa kitini akitukosoa, na kwa kukosoa alikuwa mzima kabisa. Mwaka huu mapafu yalichoka. Alifariki nyumbani jana Jumanne, tarehe 17 Mei 2016, saa tatu asubuhi. Hata siku ya kufa alichagua ya katikati, baada ya 15 na kabla ya 18, isiyo ya upande wowote. Jamani, Baba!

Ndipo vurugu ikaanza. Shangazi Obdulia alisimama kando ya jeneza: “Kaka yangu amekufa beji ya kwetu ikiwa juu. Mtaigusa mkishanizika mimi!”

“Shangazi,” akasema kaka yangu Anastasio, “tunamzika tarehe 18. Mwenyewe angeshaibadilisha.”

“Basi mwamshe aibadilishe!”

Kahawa ilipoa, majirani wakagawanyika pande mbili.

Marehemu ameacha dada yake Obdulia, watoto wawili, Anastasio nami, wajukuu watano, na mjane wake, Bi. Irma. Huyo mjane ndiye aliyetunyamazisha.

“Wifi, keti. Anastasio, funga mdomo.”

Akazichomoa beji zote mbili kifuani mwa mumewe, akazifumua, akakaa nazo jikoni. Katika miaka hamsini ya ndoa mama yangu hakuwahi kushona beji hata moja. Alirudi na moja tu, nyekundu, buluu, nyeupe na samawati pamoja. Marinda yamepinda na pini inaonekana. Shangazi aliitazama, akaanza kulia, akamshikia mama kola ya koti la marehemu ili abandike vizuri.

“Huyu amevalisha mji mzima,” mama alisema, “na kila mwaka yeye alijibandika mwenyewe. Leo namvalisha mimi.”

Apumzike hivyo hivyo, kwa amani, na beji yake iliyopinda.