Kizibao cha Faith

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Bi Kokushubira, mwenyekiti wa timu ya mpira wa pete ya Nyota ya Mwaloni. Wazazi wa Faith mliotoka Shirati kwa ajili ya binti yenu, shikamooni. Wachezaji wenzangu na wageni waalikwa, habari za mchana.

Mimi ni Hellen Mayala, mlinzi wa timu ya Butimba. Najua baadhi yenu mnajiuliza, huyu mpinzani anatafuta nini kwenye sherehe yetu ya kushukuru Faith kupona? Nimealikwa, jamani! Na pilau nimeshalionja, kwa hiyo kunifukuza mmechelewa.

Nimemkaba Faith Adongo miaka minane. Shemeji Collins, nisamehe, lakini mkeo namfahamu kuliko wewe. Akitaka kufunga huvuta pumzi kidogo, hutabasamu, kisha anakuaibisha mbele za watu. Mfungaji kama yeye huku kwetu sijamwona, na nasema hivyo kinyongo kikiwa bado kipo.

Mwezi wa tatu, pale Kirumba, alivuta pumzi, akatabasamu, mpira ukamtoka mikononi, akaanguka miguuni pangu. Mashabiki wetu wakashangilia wakidhani kajikwaa. Nikaweka sikio kifuani pake, sikusikia kitu. Nikaanza kumkandamiza kifua kama tulivyofundishwa kwenye semina ya huduma ya kwanza, huku nalia, huku namgombeza: "Amka, Faith! Mechi haijaisha!" Mungu mkubwa, akazinduka. Daktari akamwambia moyo una tatizo: kuishi ataishi vizuri, lakini akirudi kukimbia uwanjani, siku nyingine huenda asizinduke.

Sasa nyie Nyota, niwaambie ukweli, mkinuna shauri yenu. Kwenu kizibao cha mfungaji, chenye herufi za nafasi yake, hakiokotwi kwenye begi; anayekiacha ndiye anayemvalisha anayefuata, kwa mikono yake. Desturi nzuri kabisa. Lakini Faith alipolazwa mlikipeleka wodini, mkakiweka chini ya mto wake, na tangu hapo mnacheza watu sita badala ya saba. Sita! Mnafungwa kila wiki, mnarudi nyumbani vifua mbele kwamba mnamsubiri mwenzenu. Mlidhani mnamheshimu. Je, mlimuuliza anajisikiaje akitazama ile nafasi tupu karibu na goli?

Mimi aliniambia. Wiki iliyopita alikuja kwangu Mkolani, akakaa jikoni huku nachambua mchicha, akauliza, "Hellen, nikirudi utanikaba?"

Nikamwambia, "Nitakukaba, ila mpira sitauona. Nitakuwa nasikiliza kifua chako."

Akaanza kulia. "Wananisubiri," akasema. "Nitawaambiaje?"

Mmesikia? Kufa hakukumtisha kama kuwaangusha nyie. Jamani, ni upendo gani huu wa kumsubiri mtu mpaka aje afie mikononi mwenu?

Faith, dada yangu, mimi si mama yako wala daktari wako. Uamuzi ni wako, na ukiingia uwanjani sina mamlaka ya kukutoa. Ninachokuomba ni kimoja: usirudi kwa kuona aibu. Nimezoea kugombana na wewe ukiwa hai, na nataka tuendelee hivyo mpaka tuzeeke.

Naona anasimama. Mpisheni, sogezeni viti. Amekitoa kwenye mkoba, kizibao ni kile kile. Bi Kokushubira, usilie kwanza, mwache apite. Anakwenda kwa Brightness, mfungaji wenu wa akiba. Brightness, mdogo wangu, inama akuvalishe. Haya, vigelegele viko wapi? Mama Faith, piga na wewe!

Nipeni maji kidogo.

Sawa. Brightness, Jumamosi tunakutana, na nitakukaba mpaka umlaumu aliyekuvalisha. Na wewe Faith, kaa mstari wa mbele unizomee mechi nzima, pumzi unayo. Asanteni kwa kumvumilia mpinzani wenu.